Mbaazi za Mama Mutiso

Nakumbuka siku ya mizani, mwanangu, kuliko hata siku ya ndege yenyewe. Na nikikuita mwanangu, Mwikali, usinikumbushe kwamba wewe ni mjukuu. Mtoto wa binti yangu ni mtoto wangu, na leo nina neno na wewe. Weka hiyo simu chini kidogo. Sanduku halitakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimepata nafasi ya kwenda India kusomea uhandisi. Habari hiyo ilizunguka vilima vyote vya Kangundo kabla sijamaliza kumwambia mama. Siku hizi mnaondoka kila mwezi, huyu Ujerumani, yule Qatar, wala hakuna anayetoka nje kutazama. Zamani zetu ilikuwa harambee, maombi kanisani na mbuzi. Kijana mmoja akisafiri, kijiji kizima kinajiona kimesafiri. Ah, siku hizo! Watu walikuja kunishika mkono tu, ili waseme waliushika.

Sasa, sisi ng'ambo tuliijua kwa jambo moja: baridi. Ng'ambo zote, za mashariki na za magharibi, kwetu zilikuwa barafu tupu. Kwa hiyo nikaenda soko la mitumba Machakos mjini, nikachagua koti la sufu, zito, jeusi, la kufika magotini. Mhindi mmoja mwenye duka pale mjini aliniona nalo akacheka mpaka akashika kaunta. Akaniambia kule niendako jua linawaka kuliko Kitui. Mimi nikajisemea, huyu ananionea wivu. Kuna kitu kingine aliniambia, nacho nilikiamini mara moja, kwa sababu kilinifaa baadaye. Alisema kwao mbaazi ni chakula cha kila siku.

Siku mbili kabla ya safari alikuja jirani yetu, Mama Mutiso. Mwanawe, Mutiso, alikuwa katika mji uleule nilioendea, alitangulia miaka mitatu. Baba yake alipofariki, Mutiso hakuja mazishini. Nauli angeitoa wapi? Lakini uchungu hausikii hesabu ya nauli. Mama yake alimwandikia kwa hasira kwamba asimwite mama tena, na Mutiso alitii, akanyamaza kabisa. Mwaka ukapita bila neno.

Basi yule mama alikuja na kifuko cha kitambaa, amekishona mdomo kwa uzi wa katani. Ndani kulikuwa na mbaazi kavu, kama kilo mbili hivi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Kioko, mpe Mutiso. Mwambie ni za shamba la baba yake. Mwambie aje ale nyingine."

"Nitampa, Mama," nikasema. Nilikuwa na adabu sana mbele za watu.

Kesho yake tukalipeleka sanduku kiwanda cha kahawa, kwenye mizani ya kupimia mbuni, maana shirika la ndege lilitaka kilo ishirini, basi. Likatundikwa kwenye ndoano, watu wamezunguka, na karani wa kiwanda akasoma kwa sauti ya ibada: "Ishirini na mbili!" Kila mtu akaguna. Nikarudi nyumbani, nikafungua. Koti lilikuwa juu, na mbaazi ziko chini yake. Nilitazama koti, nikatazama mbaazi. Nikajiambia, si hata Mhindi amesema wanazo tele? Nikatoa kifuko, nikakisukuma nyuma ya magunia ya mahindi ghalani. Haikunichukua hata dakika moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu, hata kuutupa ni rahisi.

Mutiso alinipokea stesheni ya treni. Joto lilikuwa kali, nimebeba koti begani, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Akalitazama, akanionea huruma, akalichukua yeye kunibebea. Hatukuwa tumefika hata nje ya geti alipouliza, bila kunitazama, "Mama yangu hakukupa kitu?"

Unajua swali hilo lina nini ndani yake. Kwetu mtu hawezi kwenda aliko mwana wa mtu bila kupewa hata gunzi la mahindi. Ukifika mikono mitupu, umefika na jibu. Ningesema ukweli pale pale, aibu ingekuwa ya dakika moja. Lakini nilikuwa mgeni, nimechoka, naogopa kuonekana mbaya mbele ya mtu ninayemtegemea. Nikasema, "Hapana. Niliondoka kwa haraka."

Akasema, "Sawa." Baada ya hatua chache akasema tena, "Basi ameamua." Na ule ujumbe wa kwamba aje ale nyingine ukabaki tumboni mwangu. Ningeutoaje bila kutoa na mbaazi?

Mutiso alinipa nusu ya chumba chake. Alinifundisha njia, alinipikia, nilipougua malaria alinipeleka hospitali na kukaa nami mpaka nikaweza kusimama. Kila wema wake ulinifunga mdomo zaidi. Kumbe mbaazi kweli ziliuzwa kila kona, na kila alipozipika nilisema nimeshiba.

Mwezi wa nane tangu nifike, ikaja barua ya baba. Baba yangu hukumjua, alikuwa mtu wa darasa la nne na maneno machache. Aliandika hivi: "Mama yako amefagia ghala, amepata mbaazi za Mama Mutiso. Zimebunguliwa. Usiniandikie habari ya kilo, maana mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yule mama hupita hapa kila Ijumaa akitoka posta, anauliza kama umesema lolote kuhusu mwanawe. Mimi sitamwambia. Wewe ndiye uliyepewa, wewe ndiye utakayesema. Ni mimi baba yako."

Niliisoma nimesimama. Mutiso alikuwa anakanda unga wa chapati. Nikamwambia yote, koti, mizani, ghala. Nilitegemea anipige, na haki ningefurahi. Hakuuliza hata kwa nini. Aliuliza tu, "Alisema nini alipokupa?"

"Alisema ni za shamba la baba yako. Alisema uje ule nyingine."

Aliketi sakafuni na unga wake mikononi, akalia. Sijawahi kuona mwanamume akilia vile. Mwishowe akasema, "Nimekulisha miezi minane, Kioko, na neno la mama yangu ulikuwa nalo mdomoni."

Aliandika barua siku hiyohiyo, na Krismasi iliyofuata alikuja nyumbani kwa nauli ya kukopa, akala nyingine. Mungu alinihurumia hapo. Lakini usidhani imeishia vizuri, ngoja.

Nilipomaliza masomo nikarudi, nikaenda kwa Mama Mutiso na sukari na leso. Nilimkuta anaambua mbaazi mbichi. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Aliniambia, "Nilikusamehe zamani, Kioko. Lakini miezi minane nilikuwa najua mwanangu amekataa chakula changu. Hiyo miezi utaitoa wapi unirudishie?" Hakusema kwa ukali. Kisha akanipa mbaazi niambue pamoja naye, tukapika, tukala. Mama huyo amekufa miaka mingi sasa, na bado nikipita lile shamba lake navua kofia.

Sasa tazama kiti kile, Mwikali. Nani ameweka kiondo pale? Mama Kanini amekisuka kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi, anampelekea binti yake huko huko Ujerumani unakokwenda kazi. Tangu mwaka jana Kanini hampigii mamaye simu, kijiji kizima tunajua. Asubuhi ulikipokea, ukasema asante sana Mama. Jioni umekitoa sandukuni, nikakusikia ukimwambia mwenzio kwamba Kanini anaweza kununua begi huko. Nilishtuka. Nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Mwanangu, mtu akikupa kitu umpelekee mwanawe, hakupi kitu. Anakupa neno ambalo ameshindwa kulisema mwenyewe. Kama huwezi kulibeba, mwambie usoni, "Mama, nimeshindwa," atatafuta miguu mingine. Ukishapokea, limekuwa lako mpaka lifike, na maneno yake yote yaliyokuja nalo. Mimi si mjinga, najua dunia imeharibika: kifungue mbele yake aliyekupa, ukague mpaka mshono, na vya kukatazwa mpakani ukatae bila haya. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Uongo wa stesheni nilidhani ni mdogo. Ulikula miezi minane ya mama wa watu, na majuto ni mjukuu, huyu hapa ameketi mbele yangu anapanga sanduku.

Najua nafasi haipo. Basi toa sweta nililokununulia. Usikunje uso, sijasema uliache. Livae. Mizani ya uwanja wa ndege hupima sanduku, haipimi mtu. Miaka arobaini, mwanangu, ndipo nimegundua kwamba lile koti ningelivaa tu, nitoke jasho, na mbaazi zingefika. Nilikataa kutoka jasho siku moja.

Lete kiondo nikufungie mwenyewe. Haya, sogea karibu, nikutemee mate kifuani kama nyanya zetu walivyotubariki. Ngai akuathime, Mungu akubariki. Uende na mlango ufunguke, kazi ikupende, baridi ikuheshimu. Mkono wako usifike mtupu popote. Na siku Kanini atakapokuuliza, "Mama yangu hakukupa kitu?", uwe na cha kumpa.