Fundo la Mama Mgongoni mwa Samoni

Juzi sokoni Rinkeby, hapa Stockholm, nilikuwa napapasa mgongo wa samaki, muuzaji akanicheka: "Bibi, unatafuta zipu?" Nikamwambia natafuta fundo la mama yangu. Akadhani nimezeeka. Nimezeeka kweli, lakini si hilo.

Ngoja nikueleze. Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba alikuja Stockholm kusomea umakanika, mama na mimi tukamfuata. Tanga mama alikuwa fundi cherehani. Huku nani angemletea kitambaa? Akapata kazi kwenye kituo cha kulea samoni, mwendo wa treni kwenda kaskazini. Bwawa la umeme lilikuwa limeziba mto, samaki hawawezi tena kupanda kutaga, basi walilelewa pale wakiwa wadogo, kisha wakaachiliwa waende baharini. Kwanza walifungwa kibati mgongoni kwa waya mwembamba, wakirudi wajulikane.

Shule ikifungwa mama alinichukua kazini. (Shule yenyewe niliikimbia mapema, tuyaache hayo.) Koti lake lilinuka samaki mpaka chai ikanuka samaki.

Wenzake walisokota waya mara moja. Mama aliona unalegea, akafunga kama kifungo cha kanzu: zungusha mara mbili, ncha ficha ndani. Msimamizi, mzee wa Kiswidi mwenye mikono myekundu, alikuta beseni zima limeshafungwa hivyo.

"Hapa hatushoni nguo, mama! Utawaumiza, hawatarudi hawa."

Wakaachiliwa hivyohivyo, na mama akaambiwa msimu ujao asije. Siku ile alipika wali bila chumvi.

Baridi mbili zikapita, mama akisafisha ofisi Sundbyberg. Kila mara nilimuuliza, "Wamerudi?"

"Hebu niache! Samaki ni barua?"

Halafu mchana mmoja msimamizi akabisha hodi kwetu, kofia mkononi, samoni mrefu kama mkono wangu amefungwa kwenye gazeti. Mama akapapasa mgongo: mizunguko miwili, ncha ndani.

"Tumemkuta mtoni, chini ya ukuta wa bwawa," mzee akasema. "Mayai tumeshamkamua, tuangue wengine. Vibati walivyofunga wenzako vinadondoka. Njoo utufundishe."

"Kaa ule kwanza," mama akamjibu, akaenda kutafuta ukwaju uliobaki kwenye kopo. Mzee alitoka jasho kwa pilipili, akaongeza sahani.

Sasa mama hayupo, mzee hayupo, na samaki wa sokoni wanafugwa kwenye vizimba, mto hawaujui. Nilimlipa muuzaji nikaenda zangu. Nyumbani, kabla sijatia kisu, nilimpapasa samaki wangu mgongo tena.