Kidole Ndani ya Tiyo

Mwezi uliopita nilipita Kasongo kwenye ile nyumba ya zamani ya kuzalia akina mama, nikakuta vijana wameng'oa mabomba yote ya umeme ukutani na kuyarundika uani kama kuni. Siku hizi nyaya zinapita ndani ya plastiki, na plastiki inakatwa kwa kisu. Nikainama na fimbo yangu, nikaingiza kidole kidogo katika ncha ya bomba moja. Kisha jingine. Kijana mmoja akacheka: "Muzee, unatafuta nini mule? Panya?"

Nikachukua jingine tena. Wewe nitakueleza.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikabaki mimi mkubwa na wadogo watatu nyuma yangu. Shule niliiacha darasa la tatu, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nikapata kazi kwenye ujenzi wa nyumba hiyo, chini ya fundi wa umeme, mtu wa Nyangwe, mpana kama mlango, ambaye kila adhuhuri aliacha kazi akasali, na akirudi anaimba kwa kunong'ona.

Mabomba yale ya chuma tuliyaita tiyo. Ili tiyo mbili ziungane, lazima ncha zake zichongwe hesi, ile mistari ya kuzunguka kama ya skrubu, na chombo cha kuchongea ni filieri: pete ya chuma yenye meno, na mikono miwili mirefu ya kuizungushia. Sandukuni mlikuwa na filieri tatu. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, inang'aa, na siku ya kwanza nikaikimbilia hiyo. Fundi akanishika mkono.

"Acha uzuri wake. Weka kucha."

Alipitisha kucha ya dole gumba juu ya meno. Filieri inayokwangua kucha ndiyo inayokata. Inayoteleza itararua chuma tu. Ile mpya iliteleza. Iliyokwangua ilikuwa nzee, nyeusi, mkono wake mmoja umepinda. Nikafanya kazi na hiyo miaka miwili, na hata leo nikinunua panga sokoni naweka kucha kwanza.

Mafuta ya kukatia yaliyotoka Ulaya yaliisha mapema, tukatumia mawese. Unapaka mawese kwenye ncha ya tiyo, unasukuma filieri kwa kiganja mpaka iume, halafu unazungusha mara moja mbele, nusu nyuma, mpaka usikie chuma kikikatika ndani: tik. Mbele, nyuma, tik. Chuma kilipata moto na mawese yakanukia uwanja mzima. Jioni wadogo zangu walinikimbilia na kunusa mikono.

"Yaya, unanukia sombe!" alisema dada yangu, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Sasa sombe yenyewe iko wapi?"

Siku nyingine ilikuwepo, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, na wali wa mchele mwekundu. Siku nyingine tulikula harufu.

Kazi ya mwisho ndiyo fundi aliyoisimamia kwa ukali. Msumeno ukikata tiyo huacha ukingo mkali ndani, usioonekana kwa jicho. Unauondoa kwa tupa ya duara, kisha unaingiza kidole kidogo na kukizungusha. "Kama kidole yako inaogopa," alisema, "waya nayo itachunika ngozi." Kila ncha, kila siku, bila kuruka.

Mimi niliruka moja.

Ilikuwa Jumamosi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na homa tangu alfajiri, na jirani aliyekuwa akimwangalia alimtuma mtu kuniita. Zilibaki tiyo mbili. Ya kwanza nikaitia tupa. Ya pili nikaipangusa mawese kwa kitambaa, nikaiweka pamoja na zilizokwisha, nikakimbia nyumbani. Mtoto akapona. Tiyo nikaisahau.

Siku ya kuwasha taa, mashini ya umeme ilinguruma nje, watu wakajazana mlangoni, akina mama wakapiga vigelegele. Taa ziliwaka kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha cheche ukutani, harufu ya moto, na mkunga aliyekuwa ameegemea tiyo akarushwa chini. Hakufa, Mungu ni mwema, lakini mkono wake ulitetemeka kwa siku nyingi.

Msimamizi Mzungu akaamuru tiyo ifunguliwe. Fundi akavuta nyaya, ngozi yao ya mpira imechunika na shaba imegusa chuma, akaingiza kidole chake. Kikatoka na damu. Aliniangalia. Alizijua ncha zangu kama mwalimu anavyojua mwandiko.

"Nani alikata hii?" akauliza Mzungu.

Ulimi ulikuwa kinywani mwangu, rafiki yangu, mzima kabisa. Nikaona wadogo watatu wakinusa mikono isiyonukia kitu. Nikanyamaza.

"Ni miye, bwana," akasema fundi.

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka aliiondoa ile tiyo, akaitia tupa polepole kama mtu mwenye kazi ya kesho, akairudisha ukutani. Akaniambia tu, "Angalia wale watoto," akashika njia ya Nyangwe.

Nilijiambia nitamfuata. Kwanza dada amalize shule. Kisha wa pili. Kisha yule wa homa, ambaye baadaye alikwenda kufundisha shule ya kule Wamaza. Nyangwe si mbali, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuahirisha. Nilipofika hatimaye, nilimkuta mjane wake akianika samaki. Nikataja jina langu, nikaanza kulia kabla sijasema kilichonileta.

"Ni weye wa tiyo," akasema. "Alisema utakuja watoto wakisha kukomaa. Alikuwa anakungojea. Tumemuzika mwaka jana."

Basi mwezi uliopita, pale uani Kasongo, nilizipima zote. Ncha zangu nilizitambua, laini. Karibu na chini ya rundo nikapata moja laini kuliko zote, mdomo wake umezungushwa kwa uvumilivu ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Hiyo sikuitia tupa mimi, ingawa mimi ndiye niliyeikata. Nikaacha kidole changu ndani yake kwa muda mrefu, mpaka yule kijana akaja akaniuliza kwa upole kama kimenasa.