Mkia wa ndege ulioanuliwa pamoja na mpunga: kumbukumbu yangu ya Mchukwi

Wakuu, habari za muda huu.

Nimesoma nyuzi za wenzangu humu kwa muda mrefu bila kuchangia. Leo naweka yangu. Haina jini wala fumanizi, ina ndege ndogo ya mfano tu, na yote yalitokea. Pale ambapo kumbukumbu yangu ina shaka, nitasema nina shaka.

Ilikuwa miaka ya soko huria, televisheni zilipoanza kuingia Kibiti. Nilikuwa Dar nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi. Utafiti wangu ulihusu jambo dogo: kutengeneza mkia wa ndege ya mfano kwa kiini cha povu jepesi, kisha kuuvika ganda jembamba la faibaglasi, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi.

Kwa asiyejua: mkia uko mbali na kitovu cha uzito. Ukiuongezea uzito kidogo tu, itabidi uongeze mara kadhaa ya huo puani ili ndege isawazike.

Siku ya kuujaribu mbele ya jopo, ganda lilibanduka. Halikuvunjika, wakuu. Lilibanduka zima, kama ganda la yai lililochemshwa. Mjumbe mmoja akacheka, nadhani bila nia mbaya, lakini kicheko kile kilininyima usingizi. Nilikichambua kwa kila namna: aliucheka mkia, au alinicheka mimi?

Nikafungasha, nikarudi Mchukwi, karibu na Kibiti, kwa mama. Mama alikuwa muuguzi, alihamia huko kutoka Njombe nikiwa mdogo. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaulizia nafasi ya kufundisha hesabu sekondari.

Nikajiwekea sharti. Nitengeneze mkia mwingine, nyumbani, kwa mikono yangu, niufunge kwenye ile ndege yangu ya mfano na kuirusha. Ganda likishika, narudi chuoni. Likibanduka, uhandisi basi.

Povu nililipata kwa mwenye duka wa Kibiti aliyeuza televisheni. Nilimwomba yale mapande meupe yanayokaa ndani ya boksi.

"Na televisheni yenyewe?"

"Hiyo siihitaji."

"Wasomi bwana!" akasema, akanipa yote.

Nililikata kwa waya niliopasha moto kwenye jiko la mkaa. Nikapiga msasa mpaka mng'ao wa juu ukaisha, maana nilishuku kuwa mng'ao ule ndio ulioikataa gundi kule maabara. Nikalaza kitambaa cha faibaglasi kimshazari, nikapaka gundi ya epoksi yote niliyokuwa nayo, nikafyonza ziada kwa gazeti. (Epoksi, si ile resini ya kuzibia boti. Ile hulila povu likayeyuka mbele ya macho yako.)

Kisha nikauanika uani, kando ya mpunga wa jirani yetu, Bi Mwanahawa.

Hapa nieleze kidogo. Mchukwi ya wakati ule, mvua ikitishia, aliyepo nyumbani huanua vya wote. Nguo, muhogo, mpunga, chochote kilichoanikwa. Haulizwi mtu.

Nilikuwa nimekwenda sokoni, wingu likafunga ghafla. Nilirudi mbio, nimelowa. Uani peupe. Bi Mwanahawa amekaa barazani kwake, ametulia kabisa.

"Usihofu, Profesa. Na vyako nimeanua."

"Ahsante, bibi. Viko wapi?"

"Guniani, na mpunga. Vipate joto."

Epoksi ilikuwa bado inanata.

Mkia ulipotoka guniani ulikuwa na makapi pande zote, na punje za mpunga zimejipanga hadi ukingoni. Mama alicheka akashika ukuta. "Jamani, umeota manyoya!"

"Sasa mwenzangu, uliona wapi ndege asiye na manyoya?" Bi Mwanahawa akajibu, naye hana habari kabisa kwamba kuna tatizo.

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa ameacha sehemu ya mpunga wake ikalowa ili awahi vitu vyangu.

Epoksi nyingine sikuwa nayo, nikaiacha hiyo ikauke. Kila nilipopiga msasa kuondoa punje, niliona naanza kukata nyuzi zenyewe za kioo, nikaacha. Nikapima uzito, nikapiga hesabu, nikapachika misumari puani kusawazisha. Hesabu iliniambia ndege itakuwa nzito mno. Nikairudia hesabu. Jibu likawa lile lile.

Kesho yake jioni, baada ya sala ya alasiri, nilipanda kichuguu pembeni ya mikorosho, nikairusha. Ilikwenda vizuri kwa kitambo, na kitambo kile nakiona hadi leo. Kisha ikainua pua, ikasita, ikageuka na kujipigiza kwenye mkorosho.

Mabawa vipande. Kiwiliwili vipande. Nikapiga magoti nikauokota mkia, nikaanza kuugonga kwa ukucha, sehemu baada ya sehemu. Ganda lililoachia hutoa sauti kama ya debe tupu. Nilikuwa nasikiliza.

Bi Mwanahawa, aliyekuwa akitazama pamoja na mama, akaja, akaniinamia. "Pole, baba. Ndo ishakufa?"

"Subiri, bibi."

"Kaanza kuzungumza nayo," akamwambia mama kwa sauti ya chini.

Sauti ilikuwa kavu, ya kitu kilichoshikana. Kavu kote, hata ukingoni palipopigwa na mti.

"Limeshika!" nikapiga kelele. "Mkia mzima!"

"Mkia mzima, ndege hakuna," akasema Bi Mwanahawa. "Na ndo unachekelea?"

Ndicho nilichochekelea. Wiki hiyo hiyo nilirudi Dar, mkia ule nimeufunga kwenye kanga ya mama, na sikuuondolea punje hata moja kabla ya kuuweka mezani kwa supervisor wangu.

Nilichojifunza, wakuu: ukiwa na hofu, itaje kwa usahihi. Mimi nilidhani naogopa kushindwa, kumbe swali langu lilikuwa moja tu, kama ganda litashika, na ndege iliyoanguka ililijibu.

La pili linanihuzunisha zaidi. Pale kwetu sasa pana ukuta na geti. Mara ya mwisho nilipokuwa huko mvua ilianza, nikaona nguo za jirani zikilowa upande wa pili, nami sikuwa na njia ya kuzifikia.

Wanaounda ndege za mfano, nielezeni kiini mnachotumia. Na wengine mniambie: huko mlipo, nani huwaanulia?