Mtungi Mkavu wa Makumbusho

Aibu niliyoipata Dar es Salaam nilikusudia kwenda nayo kaburini, lakini shemeji yangu Bakari amekwisha kuisambaza Tingi nzima, kijijini kwetu huku Kilwa, tena kwa chumvi nyingi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Mke wangu Somoe alikuwa mfinyanzi. Alipofariki (Mungu amrehemu) nyumbani palibaki chungu chake kimoja tu, nacho kikavunjika mikononi mwa wapishi siku za matanga. Sikumlaumu mtu, ila nikawa sina hata kitu kimoja cha kushika niseme hiki alikifinyanga yeye. Hapo Bakari, nduguye marehemu, anayefanya kazi ya bustani huko Dar es Salaam, akanikumbusha kwamba zamani bibi mmoja wa Kizungu alipita kwetu akaununua mtungi wa Somoe wa mlangoni, na sasa mtungi huo umewekwa katika nyumba ya makumbusho, watu wanakwenda kuutazama. Arobaini ilipokwisha nikapanda lori.

Mimi mambo ya makumbusho siyajui. Niliona nyumba nyeupe yenye matao kama msikiti wa Ijumaa, sakafu inang'aa hata unajiona kidevu, nikavua makubadhi mlangoni (hakuna aliyeniambia, wala hakuna mwingine aliyevua). Bakari akasema, "Nisubiri hapa, shemeji, namtafuta askari atuonyeshe ulipo. Usiguse kitu."

Na kweli sikuwa na nia ya kugusa. Lakini pale karibu na mlango, juu ya kigoda, palikuwa na mtungi mkubwa na kata yake juu. Nanyi mnajua kwetu mtungi wa mlangoni ni wa mgeni, anywe au asuuze miguu, na mwenye nyumba ambaye mtungi wake ni mkavu husemwa mpaka kwa watani. Nikachungulia. Mkavu! Ndani kuna vumbi na buibui aliyekufa. Nikawaonea huruma wenye nyumba ile, kubwa vile na haina mtu wa kuteka maji. Kisha nikakumbuka kuwa sadaka ya maji humfikia maiti, nikajiambia, basi hii itakuwa ya Somoe. Bustanini palikuwa na bomba na ndoo. Nikausuuza, nikaujaza, safari tatu, kanzu nimeikunja mpaka magotini.

Mama mmoja aliyejifunga kanga akaniuliza, "Maji haya ya kunywa, baba?"

"Ya sadaka, mama. Kunywa."

Akanywa, akawaita wenzake, "Jamani, njooni, Mungu ametuona!" Wakapanga mstari. Mzee mmoja mwenye tarabushi akaketi palepale akaanza kuosha miguu, maji yakatambaa kwenye ile sakafu ya kioo mpaka kwenye ngoma za watu wa bara. Mimi nakuja na ndoo ya nne, nimefurahi, namwambia marehemu moyoni, unaona?

"Lahaula!" Askari alisimama na Bakari nyuma yake. "Mzee wangu, hicho ni cha kutazama!"

"Mtungi utatazamwa nini, mwanangu? Mtungi unanywewa."

Watu wakacheka mpaka yule mama akapaliwa. Askari akamgeukia Bakari. "Ndiye mgeni wako huyu?"

"Simjui kabisa," akasema Bakari, akitazama dari (huyu aliyekula ugali wangu miaka na miaka).

Bwana mkubwa wa pale, Mzungu, akatoka mbio ofisini, akateleza, akamdaka askari bega. "Nani ametia maji?" Nikanyoosha mkono, na kata imo mkononi. "Toka nje!"

Nikainama kuokota makubadhi yangu, nikijua sasa sitauona mtungi wa mke wangu tena, na hapo ndipo harufu ya udongo mbichi iliponipiga puani. Nikageuka. Mtungi ulikuwa umeanza kutoka jasho. Umeiva rangi, na zile nakshi za shingoni, ambazo ukiwa mkavu zilikuwa zimepauka, zilikuwa zimejitokeza moja moja. Ulikuwa mtungi wetu. Nimeutazama saa nzima nisiujue! Maana siku zote nilizokaa nao sikupata kuuona mkavu, Somoe hakuuacha ukauke.

"Bwana," nikasema, "mtungi huu ameufinyanga mke wangu. Tia mkono ndani ya shingo, kushoto. Kuna alama ya dole gumba. Gumba lake lilipinda."

Akakunja mkono wa shati, akatia mkono. Akaikuta, akaipapasa mara mbili. Kisha akaomba kikaratasi cha maelezo kilichobandikwa kigodani, kimelowa, askari akanisomea kwa Kiswahili: mtungi wa maji, Kilwa, mfinyanzi hajulikani.

"Aliitwa nani?" Bwana akauliza.

"Somoe binti Athumani."

Akaandika kwa penseli, karatasi mpya, mimi nikimtajia herufi ninazozijua. Bakari naye ghafla akanijua. "Huyu ni shemeji yangu hasa!" akawatangazia watu.

Tuliamriwa kuyamwaga maji na kupiga deki ukumbi mzima, na tukafanya. Nimekwisha kuapa kwamba nikiingia tena nyumba kubwa ya watu nitafunga mikono nyuma, na chombo kikavu nitakiacha na ukavu wake mpaka mwenyewe aniruhusu. Ila nitasema kweli yote: kabla ya kumwaga, askari alipogeuka, nilichota kata moja nikanywa. Yalikuwa baridi kama ya nyumbani.