Saa Tano ya Nani? Dobi Aliyeirudisha Medali Yake

SAA kumi na moja kasorobo alfajiri, jiji bado linapiga miayo, mwanamke mmoja anashuka barabara ya hospitali kwa mwendo unaowafanya mbwa wa mtaani wasimame kumtazama tu. Zamani walikuwa wanamfukuza. Siku hizi, anaapa mlinzi wa geti, wanampisha, maana kila aliyejaribu kushindana naye alilala siku mbili ulimi nje.

Mgongoni ana mfuko wa nailoni wenye sare ya kazi. Mkono wa kushoto amevaa saa. Mkono wa kulia amevaa saa nyingine.

"Habari za asubuhi, Dakika Kumi na Tisa!" mlinzi anamsalimu huku akifungua geti.

"Nzuri. Na hilo jina lako limebakiza wiki sita za kuishi," anajibu bila kupunguza mwendo, na kupotelea kwenye mlango wa chumba cha kufulia.

Ana miaka arobaini na minane, mama wa watoto watatu. Kwa miaka ishirini na miwili amefua shuka, foronya na nguo za vyumba vya upasuaji vya hospitali hii. Kutoka kwake hadi kazini ni kilomita kumi na moja. Asubuhi anazikimbia zote. Jioni anapanda basi, "kwa sababu na mimi ni binadamu."

Mgonjwa anayelalia shuka yake ghorofa ya tano hajui kwamba iliyomfulia ni mikono ya mtu aliyekwenda kukimbia ng'ambo mara tatu. Safari hizo zimempatia medali moja, majina mawili ya utani, na ugomvi mmoja na saa.

Yote yaliletwa na lifti. Mwaka mmoja iliharibika, ikakaa miezi minane bila kuguswa na fundi. Shuka za juu zikawa zinapanda kwa ngazi, begani kwa dobi, kilo ishirini kila mzigo, mara thelathini kwa siku. Siku moja mtaalamu wa tiba ya viungo, mwenyewe mkimbiaji wa mbio ndefu, alimpisha kwenye ngazi akasikia jambo lililomkwamisha hapo hapo. Mama yule alikuwa anapanda huku anaimba.

"Nikamwambia, dada, hebu kaa nikupime mapigo ya moyo," anasimulia mtaalamu. "Nikapima. Nikakitikisa kifaa, nikapima tena. Nikajua kimekufa kama lifti. Nikajipima mimi. Kifaa kizima kabisa! Mbovu nilikuwa mimi."

Wiki iliyofuata alimpeleka kwenye mbio za kilomita kumi za mjini. Mwaka uliofuata wafanyakazi wakachanga nauli, kwa sababu mshahara wa dobi ungehitaji miezi saba bila kula ili kufika uwanja wa ndege, na akaenda kukimbia marathoni yake ya kwanza.

Baridi ya huko, kwa maelezo yake, ilikuwa kali kiasi kwamba ukitema mate yanadunda. Akachukua mfuko mkubwa wa nguo chafu aliokuwa amefungia viatu, akautoboa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono, akauvaa. Wenzake mstarini wakamcheka.

"Kufika kilomita ya tano, waliocheka walikuwa wananiuliza kama nina mwingine," anasema. Alimaliza. Medali ile imetundikwa juu ya mashine ya kukaushia, na imeanza kupauka kwa mvuke.

Safari ya pili ilikuwa shindano la michezo mitatu: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia, bila hata kukaa chini ukafunga kamba za viatu kwa raha. Tatizo lilikuwa moja dogo. Hakujua kuogelea.

Alijifunza akiwa na miaka arobaini na minne, Jumapili, kwenye bwawa la shule moja ya jirani. Mumewe, fundi viatu mwenye maneno machache na gundi nyingi, alikuwa anakaa ukingoni ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mkewe.

"Akizama navuta," anaeleza mume. "Miezi miwili nilivuta sana. Mwezi wa tatu akanivuta yeye, nikaingia na viatu."

Kwenye shindano lenyewe maji hayakumsumbua. Iliyomsumbua ni baiskeli ya kuazima, iliyochomoka mnyororo mara mbili. Mlango wa kumalizia ulikuwa unafungwa baada ya saa nne za shindano. Alifika baada ya saa nne na dakika nne.

"Nikakuta wanakunja utepe. Kijana mmoja akaniomba radhi kama vile yeye ndiye aliyechelewa. Nikamwambia, endelea kukunja, mwanangu, ila kunja vizuri, pindo kwa pindo. Hata hapo nilikuwa dobi."

Aliporudi, chumba cha kufulia kikambatiza Dakika Nne. Mashine ikichelewa kukausha, "imefanya Dakika Nne." Chai ikichelewa, Dakika Nne. Alicheka nao kila mara.

"Nilicheka," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inatulia juu ya shuka. "Halafu nikawa naenda kupiga pasi peke yangu kule mwisho. Mtu unavumilia miaka miwili, unalala umechoka, unaamka umechoka, halafu watu wanakukumbuka kwa zile dakika nne tu. Nikasema nitarudi, nipite mlango ukiwa wazi. Sikutaka kushinda. Nilitaka mlango."

Mwaka jana akarudi. Safari hii ilikuwa marathoni ya mlimani, kilomita arobaini na mbili za kupanda na kushuka mawe. Mtaalamu wake alimchagulia hiyo makusudi, akijua zile ngazi zilimfanya nini. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kusafiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwenye kijitabu cha mbio dobi aliona imeandikwa mlango unafungwa 17.00.

"Nikasema hawa wamekosea chapa. Hakuna saa kumi na saba duniani!"

Akaenda kuuliza kwenye meza ya wageni. Akampata mwanamke mwenye nywele nyeupe, mkutubi mstaafu aliyejitolea kusaidia, ambaye kwa miaka miwili alikuwa anajifunza Kiswahili chumbani kwake kwa kitabu. Yule bibi alipomwona akasimama wima, akatabasamu na kusema, "Shikamoo!"

"Ana miaka sabini, ananipa mimi shikamoo!" Dobi anapiga paja. "Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Lakini ugenini ukisikia lugha yako, unayeyuka. Nikamwitikia marahaba, Mungu anisamehe. Nikamwuliza, dada, mlango unafungwa saa ngapi?"

Bibi yule akahesabu kwa vidole, akatoa kumi na mbili kwenye kumi na saba, akajibu kwa Kiswahili kisicho na kosa hata la herufi: "Mlango unafungwa saa tano, dada yangu."

Kwao ilikuwa tano ya jioni. Kwa dobi, saa tano ni saa tano: jua la asubuhi halijafika utosini.

Kuanza hakukuwa na utata, kwani basi la hoteli liliwabeba wote, na saa moja asubuhi filimbi ikalia. Ila kichwani mwa dobi hesabu ilikuwa imeshafanyika. Saa moja mpaka saa tano ni saa nne. Saa nne zile zile! Na safari hii kuna mlima.

Akaondoka kama aliyeacha jiko linawaka. Wengine walikuwa wanapiga picha, wanakula vipande vya chungwa. Yeye hakuona chungwa wala picha. Kufikia katikati ya mlima alikuwa haoni mtu mbele, akajua wameshamwacha wote. Akageuka, nyuma pia hakuna mtu, akajua waliobaki wamekata tamaa na kurudi hotelini.

"Nililia njiani. Sikusimama, nililia huku nakimbia. Nilijiambia, mama, kilo ishirini begani ulikuwa unapanda, leo huna hata foronya, unalia nini?"

Alipouona utepe, saa ya mnarani ilikuwa imepita saa tano kwa dakika kumi na tisa. Na uwanja ulikuwa karibu mtupu. Viti vimepangwa, hakuna waliokalia. Watu wachache wanapiga makofi.

Akaelewa alivyoelewa. Shughuli imekwisha, watu wamekwenda zao, wamebaki wasamaria wachache wa kumpokea wa mwisho.

Wakamvisha medali. Mmoja akamletea maua. Dobi akaivua medali ile, akaikunja na utepe wake, akairudisha mkononi mwa aliyemvisha.

"Ahsanteni," alisema. "Mimi nimechelewa. Mpeni aliyewahi."

Wakamrudishia. Akarudisha. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake, na bibi wa Kiswahili alikuwa kituo cha maji, mbali. Dobi akaenda hotelini, akafua soksi, na jioni hiyo hiyo akapanda ndege. Jina lake lilipoitwa jukwaani mbele ya umati uliokuwa umeshajaa, yeye alikuwa angani, anatazama mkanda wa kiti.

Nyumbani alisema ukweli kama alivyoujua. Chumba cha kufulia, bila huruma, kikampandisha cheo: kutoka Dakika Nne hadi Dakika Kumi na Tisa.

Wiki tatu baadaye mtaalamu wa viungo aliingia pale chini mbio, karatasi mkononi. Waandalizi walikuwa wanauliza, kwa adabu zote, wamemkosea nini mama aliyeshika nafasi ya tatu kati ya wanawake mia tatu na kumi.

"Nafasi ya ngapi?" aliuliza Shangazi, mkuu wa wapiga pasi.

"Ya tatu. Mlango ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni! Watu walikuwa hawajaondoka, Shangazi. Walikuwa hawajafika!"

Pasi ikaunguza foronya. Dobi alikaa juu ya lundo la shuka chafu, akatazama saa ya ukutani. Kisha akaanza kucheka, na chozi likamdondoka, na hakuna aliyejua ashike lipi.

Shangazi akamshika bega. "Mwenzetu, tusamehe. Tangu leo hilo jina tumelifuta."

"Msilifute," dobi alisema. "Ninyi mmepata sababu ya kulifuta. Mimi bado. Kichwani mwangu nilikuwa nakimbilia saa tano, na saa tano sikuifika. Nilichelewa dakika kumi na tisa, wao wajue wasijue."

Waandalizi walitaka kuituma medali kwa posta. Akakataa. Wakakubali kuiweka kabatini hadi atakapoifuata mwenyewe, na mbio za mwaka huu zimebakiza wiki sita. Likizo imekubaliwa. Mumewe amembadilishia soli, na ndiye aliyemfunga zile saa mbili. Ya kulia inasoma kama saa za wenyeji wa mbio. Ya kushoto ameirudisha nyuma saa sita, mshale uelekee pale ulimi unapotamka.

"Asije akaniambia tena amedanganywa," anasema mume, akijaribu kununa na kushindwa.

Saa nne asubuhi, mashine zote zinanguruma, simu ya dobi inaita. Ni yule bibi wa nywele nyeupe. Anapiga kila wiki tangu mwaka jana, na bado anaomba radhi. Dobi anaweka sauti wazi ili Shangazi na wenzake wasikie.

"Dada yangu, nimesoma sura ya saa mara tisa," inasema sauti ya ng'ambo, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mbio zinaanza saa moja asubuhi. Mlango unafungwa saa kumi na moja jioni. Nimesema sawa?"

"Umesema sawa kabisa, dada."

"Kwa hiyo mwaka huu usikimbie kwa hofu. Una muda mwingi."

Dobi anaitazama saa ya kushoto, kisha anajitwika begani mzigo wa shuka zilizokauka na kuelekea kwenye ngazi. Lifti imeshatengenezwa, lakini yeye haipandi.

"Huo mlango wenu fungeni mnapotaka," anasema. "Wa kwangu mimi unafungwa saa tano."