Masikio ya Teodora

Rebeka simpendi. Nalisema mapema ili mtu asije kuniambia baadaye kwamba nilijificha.

Dada yangu Teodora anauza dagaa kwa jumla hapa Mwanza, na kanisani kwetu Nyegezi ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Wenzake wakipata hela wananunua kiwanja. Yeye alinunua spika! Na si za kupigia harusi. Ni mbili ndefu za mbao kutoka Ujerumani, za kukaa sebuleni na kusikiliza kwa utulivu, pamoja na amplifaya ya taa ambayo lazima uisubiri ipate moto. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Mimi mwenyewe simu inanitosha. Lakini ukimwona amefumba macho, anasema, "Sikia, mpiga besi kavuta pumzi," unajua huyu ana raha yake, unamwacha.

Mgonjwa mwenzake wa ugonjwa huo alikuwa Rebeka, jirani yetu. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kochi moja, wakaweka santuri, wala hawaongei. Ukiingia na umbea wako unaonyeshwa kiti kwa kidole. Wakigombana, basi ni spika isogezwe ukutani kidogo au ibaki. Ufunguo wa nyumba alikuwa nao Rebeka. Mimi wa tumbo moja sikupewa.

Mwaka jana tukafiwa na mama mdogo kule Kisesa, tukakaa msibani mpaka matanga yakaisha. Ndipo ikaangukia sendofu ya binti yake Rebeka, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, tukaikosa.

Tuliporudi, dada akaweka santuri anayoipenda. Akaitoa, akaweka nyingine.

"Besi ya kushoto imekufa," akasema.

Akakagua nyaya, akabadilisha sindano, wapi. Kitambaa cha mbele ya spika hakukigusa, maana vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi vikiingia mle ndani ni balaa, na aliyeaminiwa kukifungua ni Rebeka tu, mwenye mkono mwepesi. Akaitwa. Akafungua, akachungulia, akafunga.

"Spika nzima kabisa, Teo. Labda masikio. Umri huu, shoga yangu, tusidanganyane."

"Wewe unasikia sawa?"

"Kama siku zote."

Jamani! Dada alianza kuisha nikimwona. Kwaya ikipotea sauti ananyamaza, anadhani ni yeye. Akawa anasogea karibu na watu wakiongea, anawaangalia midomo. Usingizi ukamkimbia. Mtu ambaye furaha yake yote inapitia masikioni, ukimwambia masikio yanakufa, umembakizia nini?

Rebeka ndiye aliyempeleka hospitali. Dada alilia garini njia nzima, na Rebeka alimshika mkono mpaka ndani. Daktari akapima, akasema hamna tatizo lolote. Walipotoka, Rebeka akamwambia, "Ile mashine inapima pii, pii. Muziki itaujulia wapi?" Na dada akamwamini, kwa sababu duniani hapa aliamini masikio mawili tu zaidi ya yake, na yalikuwa ya Rebeka. Wiki hiyo hiyo akaiacha kwaya, akamkabidhi mzee Elias.

Basi ikaja siku ya kuvunja kamati. Mnajua ilivyo, sherehe zikishapita wanakamati na waliochangia wanakutana kula, kunywa na kuangalia video. Ilichelewa kwa sababu mpiga video alichelewa, kama kawaida yao. Tukaalikwa na sisi. Nadhani Rebeka alimkumbuka bibi harusi na keki, akasahau kwamba kamera inazunguka uwanja mzima.

Tunakula pilau, tunaangalia. Wakwe wanaingia, wanacheza. Mara hizo hapo! Spika za dada, zimevishwa vitambaa vya zambarau, zimesimamishwa juani kando ya meza kuu. Mshereheshaji anapiga kelele, "Ongeza! Ongeza, wakwe wasikie!" Ya kushoto ikakoroma, ikapasuka. Kwenye video watu wanaziba masikio na kucheka.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, na sahani mkononi. Dada akanivuta nguo nikae.

Akamgeukia Rebeka, taratibu kabisa. "Ni zangu?"

"Vyombo vya kukodi viligoma, Teo. Wakwe wameshafika, ningefanyaje? Nilijua hazifai nje, nikamwambia mpiga muziki asiongeze. Fundi wa mjini akanitilia wufa nyingine, ile ya kutoa besi, ya baa. Nilitaka kukuambia, nikaogopa utakasirika."

"Ningekasirika," dada akasema. "Mwezi mmoja. Halafu tungenunua nyingine, tungeweka santuri."

Mtu akapunguza sauti ya video. Kamati nzima ikawa inatazama sahani zake.

"Ulikuwa unasikia kwamba imeharibika?"

"Nilikuwa nasikia."

"Kila Jumapili?"

Rebeka akaanza kulia. Dada hakulia, alishamaliza machozi yake kwenye lile gari.

"Sasa hospitali ulinipeleka ya nini, Rebeka?"

"Ulikuwa unaogopa, Teo. Ningekuacha uende peke yako?"

Dada akachukua mkoba wake, akasimama.

"Nilikwenda peke yangu," akasema.