Mlango wa Tanuru la Naviundu

Sikwenda Lubumbashi kutembea. Baba yangu, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia siku nyingi, alisikia kwa mchuuzi mmoja wa dagaa kwamba huko Zaire mto umelibomoa tanuru la mikate la mdogo wake, Hamadi. Siku hiyo hakula. Kesho yake aliniita, nikaacha karai langu la vitumbua nikamwendea. "Zuhura," akasema, "nenda kamlete mdogo wangu. Amepika mikate ugenini vya kutosha. Nataka kumwona kabla sijafa." Watu wa Ujiji mnanijua. Kuambiwa niende mahali nisipopajua ni kama mtoto kuambiwa alambe sufuria. Nikamwachia dada yangu karai, nikafunga mzigo.

Melini, kati ya Kigoma na Kalemie, nilikaa juu ya magunia ya chumvi pamoja na mama mmoja wa ng'ambo. Nilimuuliza kila kitu: kwa nini huko watu huitana "sitwayeni", kama ni kweli ukoga wa shaba hugeuza nywele kijani, mto wa Naviundu ni mpana kiasi gani. Huko kuitana raia, akasema, ni amri ya Chama. Nywele hajaziona. Mto ni mdogo, unavukwa kwa kuruka, ila mvula ikikasirika hauna adabu. Baada ya hapo alihamia magunia ya upande wa pili.

Kutoka Kalemie ni reli, na reli ile haina haraka na mtu. Kabalo ilipita, Kamina ikapita, na kila kituo wanawake walikuja madirishani na mihogo na samaki wa moshi. Tulipoingia kusini nikaanza kuona vichuguu msituni, vikubwa kuliko kibanda cha mlinzi, vingine vimeota miti kichwani. Nikamuuliza abiria mwenzangu, fundi wa reli, mbona hawavibomoi. Akacheka.

"Mama, ile njo nyumba ya Lubumbashi yote. Bulongo ya kichuguu njo inatoka matofali."

Matofali ya udongo wa mchwa! Nikadhani ananifanyia mzaha mgeni.

Lubumbashi ilijitangaza kwa bomba refu la moshi na kilima cheusi cha masalia ya shaba. Stesheni alinipokea Mama Asha, mke wa Baba Mdogo, mwenyeji wa Katanga, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo. Tulipita mtaa wa Bel-Air, mabati yametulia na maua yako uani, nikajiambia msiba umetiwa chumvi. Kisha tukateremka Naviundu. Matope yalikuwa yameacha mstari ukutani, sawa na kifua changu, nyumba hata nyumba.

Nilichokuwa sijatarajia ni shughuli. Seremala alikuwa akiopoa mbao zake mtoni kwa kamba. Vitambaa vilianikwa kwenye kila ua. Wanawake ambao waume zao ni wa kampuni ya shaba walikuwa wamepokea posho ya unga, nao walisonga bukari ya kulisha na wale wasio na mtu wa kampuni. Chini ya upenu mmoja mafundi cherehani wawili walishona kwa zamu kwa mashine moja. Mama Asha akaniambia hao ni mahasimu wa miaka. Sikuweza kujizuia.

"Si mnagombania wateja nyinyi?"

"Tunagombana kila siku, mama," akasema mwenye mashine. "Lakini mashini yake iko mu maji. Sasa nitagombana na nani?"

Baba Mdogo nilimkuta amekaa juu ya kihori cha kukandia unga, kimepinduliwa. Nyuma yake tanuru, au furu kama wanavyoliita, lilikuwa chungu ya udongo. Alilijenga ukingoni kabisa ili maji ya unga yawe karibu, na maji yakawa karibu kweli. Kilichosalia ni mlango wake, bamba la chuma ambalo rafiki yake mfua vyuma alimtengenezea kwa mkono, zito la kubebwa na mtu aliyeshiba. Sikumaliza kutoa salamu za Baba.

"Nimekwisha kata shauri, mwanangu," akasema. "Nauza huu mlango, tunapanda treni. Mara mbili nimejenga tanuru katika nchi hii. La tatu sina moyo nalo."

Nilifurahi. Kazi yangu imekwisha kabla jasho la safari halijakauka! Mama Asha alikuwa ametupa mgongo akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Asubuhi iliyofuata tuliamshwa na kilio. Nikatoka mbio nikijua mtu amekufa. Mwanamke mmoja mrefu, majivu kichwani, alikuwa amejitupa juu ya kifusi cha tanuru akilia kama amefiwa na mume. "Furu yangu ee! Nani atanipa mukate? Ulikufa na tumbo wazi!" Majirani wakakusanyika. Mara kilio kikakatika, akasimama, akajifuta, akamnyooshea kidole Baba Mdogo. "Na weye! Ulijenga Bulongo ku mulango ya Mvula, ulizani Mvula itapiga hodi?" Kisha akainama, akajitwika lile bamba la chuma, huyo akaenda zake.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Jamani, mwizi wa mlango!" Nikamkimbilia, kanga inanifunguka. Hakuna aliyenifuata. Nilipogeuka, Naviundu nzima ilikuwa ikinicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Mama Asha, machozi yanamtiririka. Tangu nifike sikuwa nimeliona jino lake.

Ndipo nikaelezwa. Mama Asha ni wa ukoo wa Udongo, ndio Bulongo. Yule, Mama Kunda, mfyatua matofali wa Kasungami, ni wa ukoo wa Mvua. Mvua na Udongo ni watani tangu mababu. Udongo ukifiwa, Mvua ndiyo huchimba kaburi, hupika, hutukana mpaka wafiwa wacheke, na huondoka na kitu cha marehemu. Kitu hicho sharti kikombolewe kwa kile mtani anachokitaja. Utani hata sisi Ujiji tunao, lakini sikuwahi kuona tanuru likikaliwa matanga.

"Basi tuondoke bila mlango," akasema Baba Mdogo kwa hasira.

Mama Asha aliweka sufuria chini. "Enda, bwana yangu. Miye siwezi kuacha kintu yangu ku mikono ya Mvula. Batanicheka mpaka ku kaburi. Kama mulango haiyarudi, sipande treni."

Kwa hiyo tukaenda Kasungami kukomboa, Baba Mdogo mbele na jogoo kwapani. Ni mashamba ya mahindi na mihogo, na kati yake vile vichuguu vyangu vya reli, vimekatwa ubavu kama mikate. Fundi yule wa reli hakunitania. Udongo ule wa mchwa, ukikandwa na kuchomwa, unatoa tofali lisilojua maji. Mama Kunda alikuwa ameanika mihogo juu ya mlango wetu.

"Kuku niko naye," akasema bila kumtazama jogoo. "Miye nataka mukate. Mukate ya moto."

"Nitakununulia mjini," akasema Baba Mdogo.

"Hapana. Mukate yenye kupikwa na hii mulango."

"We mama una wazimu? Mlango unao wewe, tanuru halipo!"

"Jenga furu. Mulango utaiona."

Nilimtazama Baba Mdogo nikingoja atukane. Badala yake macho yake yalikwenda kwenye rundo la matofali. Akaokota moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaokota la pili. "Haya mmeyachoma kwa kuni gani?" akauliza. Hapo moyo ukanishuka. Mpishi aliyekwisha kata shauri haulizi kuni. Nilimwona moyoni Baba yangu kule Ujiji, amekaa barazani anaangalia njia, na nilimchukia yule mwanamke. Nasema kweli, nilimchukia.

Wiki zilizofuata ukoo wa Mvua ulishusha matofali Naviundu kwa baiskeli, kila tofali na tusi lake. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mifereji huku mtu wa Chama akipaza sauti, watu hawakurudi kwao. Walipanda kilimani kwa hiari, maana safari hii Baba Mdogo alichagua juu, nyuma ya ua wa seremala. Mafundi cherehani wote wawili walikanda matope, wakigombana nani anakanda vibaya. Mimi nami nilikanda. Chuki haina nguvu mikono ikiwa kwenye udongo hadi kiwiko.

Siku ya mkate wa kwanza Mama Kunda alikuja na mlango umebebwa na wanaume wawili, mbele yake, kama bibi harusi. Ukapachikwa. Moto ukakolezwa mno kwa pupa, na mikate ya kwanza ikatoka nyeusi upande mmoja. Mama Kunda akachukua ulioungua kuliko yote, akautafuna wote, taratibu.

"Imeungua," akasema. "Nitarudia kuchukua mulango."

"Jaribu," akasema Mama Asha, na ile sauti yake ndogo haikuwa ndogo tena.

Stesheni, Baba Mdogo alinipa mikate ndani ya kitambaa cheupe. Alianza neno kwa ajili ya kaka yake, kisha akanirekebishia ushungi wangu ambao haukuwa na kasoro.

Njiani kurudi nilikuwa na nafasi ya kufikiri, maana reli ile bado haikuwa na haraka. Nilidhani mtu aliyepotelewa huinuliwa kwa pole. Pole nilimpa Baba Mdogo tangu siku ya kwanza, naye akazidi kukaa juu ya kihori chake. Aliyemwinua ni mtu aliyemnyang'anya kile kidogo kilichobaki akamwambia njoo ukidai.

Ujiji, barazani, Baba alitazama nyuma yangu njiani, kisha akanitazama mimi.

"Yuko wapi?"

Nikafungua kitambaa. Nikamsimulia yote, nikaapa nilijaribu. Mikate ilikuwa migumu kama hayo matofali. Akachovya kipande kwenye chai, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Ametia iliki," akasema. "Kama Mama."

Alikula kipande chote, akapangusa makombo. Nikangoja anilaumu.

"Zuhura," akasema, "huo mlango unasema mzito sana?"

"Mzito, Baba."

"Mvua ijayo ukienda, uchukue kijana mwenye nguvu," akasema. "Uuibe, uulete hapa."